Pomboo, mshale na jino: sarafu za Wagiriki ambazo hazikuwa duara

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mambo zenu. Naingia moja kwa moja kwenye mada maana muda tuliopewa sio mrefu na ya kusema ni mengi.

Hebu fikirieni kipande cha bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, urefu wake sentimita tatu hivi, uzito gramu moja mpaka tatu. Mbele kimechongoka, mgongo umepinda, juu kuna pezi, nyuma kuna mkia, na kwenye vile vilivyotengenezwa kwa uangalifu unaona mpaka jicho na mstari wa uti wa mgongo umepita katikati. Hakuna sura ya mfalme, hakuna namba, na vingi havina hata herufi moja. Ni pomboo, mtoto yeyote aliyekulia pwani atakwambia huyo ni pomboo. Na hiyo ilikuwa pesa, watu walikuwa wanaenda nayo sokoni karne ya 5 KK kwenye mji wa Wagiriki unaitwa Olbia, kaskazini ya Bahari Nyeusi, kule Mto Bug wa Kusini unakomwaga maji yake, leo ni Ukraine, mkoa wa Mykolaiv, karibu na kijiji cha Parutyne.

Mtu akiwaona hao pomboo kwenye kabati la makumbusho anatabasamu, anapiga picha na simu, halafu anasogea kwenda kuangalia zile sarafu za fedha za Athens zenye bundi maana ndo maarufu. Mimi nasema hapo kapita kitu kikubwa sana bila kukiona. Neno langu leo ni moja na nitalizunguka kwa mifano: umbo la pesa linatoka kwenye kitu ambacho watu walikuwa tayari wanakiamini, na pale ambapo Mgiriki alikuwa anaishi na jirani asiye Mgiriki, anayeabudu miungu mingine na kuongea lugha nyingine, ilibidi kile kitu kiwe kinaaminika kwa wote wawili. Ndo maana hizi sarafu za maumbo tofauti utazikuta zaidi pembezoni, Bahari Nyeusi na Sicily, kisiwa cha kusini mwa Italia, kwenye miji ambayo Wagiriki walihamia, na sio Athens.

Ila kabla ya kwenda pembezoni tuanze na Ugiriki yenyewe, kwa sababu hata huko katikati hawakuanza na duara.

Nadhani kila mtu humu ndani anakijua kile chuma cha kuchomea mishikaki, sasa chukua kile, kirefushe mpaka kipite mita moja, hapo umepata pesa ya Mgiriki kabla ya sarafu. Walikuwa wanaiita obelos, na ukikamata sita kwa mkono mmoja, mkono ukajaa, hiyo ni drakma moja, Plutarko, mwandishi wa Kigiriki wa zamani, mwenyewe anaeleza hivyo, kwamba sita ndo mkono unaweza kushika. Baadaye sarafu za fedha zilipokuja hesabu haikubadilika, oboli sita drakma moja, na drakma kama jina la pesa limeishi Ugiriki mpaka 2002 walipohamia euro. Kwa hiyo hesabu ya pesa ya nchi nzima ilianzia kwenye kiganja cha mtu aliyeshika vyuma vya nyama.

Na kwa nini vyuma vya nyama, sio misumari, sio visu? Kwa sababu nyama kwa Mgiriki wa zamani ilikuwa inaliwa zaidi kwenye sadaka. Ng'ombe anachinjwa mbele ya madhabahu, mungu anapewa mifupa na mafuta, watu wanagawana nyama, na anayegawiwa fungu ni mtu anayehesabika kwenye jamii ile. Chuma chenyewe kilikuwa mali, kina uzito unaojulikana, kinatunzika, na kimeshazoea kukaa hekaluni, kwa hiyo imani ilikuwepo tayari.

Ushahidi upo wa kushikika. Mwaka 1894 Wamarekani waliokuwa wanachimba hekalu la mungu mke Hera karibu na mji wa Argos, chini ya Charles Waldstein, walikuta fungu zima la hivi vyuma, vimekula kutu vikashikana. Na kuna maandishi ya zamani yanasema mfalme Pheidon wa Argos alipotoa sarafu mpya alikusanya vyuma vya zamani akaviweka wakfu kwa Hera, ndo maana watu wengi waliviangalia vile vyuma wakasema basi ndo hivi. Wengine wanabishana kuhusu Pheidon na tarehe zake, ni sawa wabishane, ila vyuma vipo, ukifika Athens nenda Makumbusho ya Sarafu, ile nyumba iliyokuwa ya Schliemann, yule Mjerumani aliyechimba Troya, utaviona. Na hapohapo mjini Argos mwaka 1953 lilichimbuliwa kaburi la mpiganaji wa mwishoni mwa karne ya 8 KK, kazikwa na kofia yake ya bronzi na deraya ya kifuani, na pembeni kawekewa vyuma vya kuchomea nyama 12 pamoja na viegemeo vyake vya motoni vyenye umbo la meli za vita. Vyuma 12, yaani mikono miwili imejaa.

Kuna stori nyingine naipenda sana, anaisimulia Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 KK. Alikuwepo mwanamke anaitwa Rhodopis, mzaliwa wa Thrace, mtumwa, na Herodoto anasema alikuwa mtumwa wa bwana mmoja pamoja na Esopo, huyuhuyu Esopo wa zile hadithi za wanyama ambazo watoto wetu wanasoma shuleni. Akapelekwa Misri akafanye biashara ya mwili, akakombolewa na kaka yake Sappho, yule mshairi wa kike, akabaki hukohuko Misri akapata mali. Sasa akataka aache kumbukumbu yake Ugiriki, akachukua sehemu ya kumi ya mali yake akanunua vyuma vya kuchomea ng'ombe, vingi kadri hela ilivyotosha, akavituma kwa mungu Apollo, kwenye hekalu lake kule Delphi, Ugiriki. Herodoto anasema mpaka siku zake vilikuwa bado vimelundikwa nyuma ya madhabahu. Mwanamke aliyekuwa hana hata mwili wake mwenyewe alitafuta kitu ambacho Mgiriki yeyote akikiangalia ataelewa hii ni mali na hii ni heshima, na hakutuma vipande vya duara, alituma vyuma.

Sparta wao waling'ang'ania chuma muda mrefu kuliko wenzao. Plutarko anasema chuma chao kilichovywa kwenye siki kikiwa cha moto ili kiharibike kisifae kwa kazi nyingine yoyote, na mtu akitaka kuweka mali ya mina kumi, na mina moja ni drakma 100, anahitaji stoo nzima nyumbani na jozi ya ng'ombe wa kubeba. Hiyo ilikuwa siasa, walitaka pesa iwe mzigo.

Sarafu kama tunazozijua zilianzia upande wa pili wa Bahari ya Aegea, Lydia na miji ya pwani yake, leo ni Uturuki, kwenye karne ya 7 KK, na zile za mwanzo zilikuwa vibonge vya elektramu, mchanganyiko wa dhahabu na fedha, vimepigwa muhuri upande mmoja, duara yenyewe haijakaa sawa. Nyingi za zile za zamani kabisa zilichimbuliwa chini ya hekalu la Artemi kule Efeso. Hayo nayapita haraka maana yameandikwa kila mahali, sasa twende Bahari Nyeusi ambako ndiko moyo wangu uliko.

Wagiriki wa Miletus, mji wa pwani hiyohiyo ya Uturuki ya leo, walikuwa watu wa kuhamahama kwa meli. Walianzisha miji mingi kuzunguka Bahari Nyeusi, Olbia mmojawapo, Istros ambayo leo ipo Romania, Apollonia ambayo leo ni Sozopol ya Bulgaria, na kituo cha kisiwa cha Berezan jirani na Olbia. Walifuata nafaka, samaki, ngozi, na watumwa pia, tusifiche hilo. Na nyuma ya hiyo miji, bara, walikuwepo Waskithi, wafugaji wapanda farasi, watu wa upinde, watu ambao hakuna aliyekuwa anawashinda kwa mshale kutoka mgongoni mwa farasi.

Sasa Mgiriki anataka ngano ya huyu mtu, ampe nini? Fedha kule hawana machimbo yake. Ila Mskithi ana kitu kimoja anachokihitaji kila siku ya maisha yake, ncha za mishale, za bronzi, nyingi, maana mara nyingi mshale ukishapigwa ndo umepotea. Kwa hiyo ncha ya mshale ilikuwa kitu ambacho kila mtu anakipokea. Na hapo karne ya 6 KK ndo tunaanza kuona kitu kizuri sana: ncha za mishale ambazo sio za mshale. Zina umbo la jani, zimesubiwa, yaani bronzi iliyoyeyushwa imemiminwa kwenye kalibu, lakini hazina makali, na huwezi kuchomeka uti wa mshale ukakaa. Nyingine zilikuwa ncha za kweli ambazo zimekatwa au kunyimwa ukali makusudi. Zimekutwa zimefukiwa kwa mafungu kwenye pwani yote ile, Romania, Bulgaria, Ukraine. Yaani watu walikubaliana kwamba sasa tunabakiza umbo, matumizi tunayaacha. Kitu kilichokuwa silaha kimekuwa ahadi. Mimi hapo ndo naiona pesa inazaliwa waziwazi kuliko mahali pengine popote.

Na kuna jambo la dini pia, maana Wagiriki wa kule Istros na Olbia walikuwa wanamheshimu sana Apollo kwa jina la Ietros, Mponyaji, na Apollo ni mungu wa upinde. Kwa hiyo Mskithi akiushika ule mshale anaona mshale, Mgiriki akiushika anaona Apollo, na wote wawili wanauchukua. Hebu niambieni pesa gani nyingine imefanya kazi ya namna hiyo.

Herodoto, ambaye anasimulia nchi ile kama mtu aliyefika, anatuambia mfalme wa Waskithi Ariantas alitaka kujua watu wake wako wangapi, akaamuru kila Mskithi alete ncha moja ya mshale, asiyeleta anauawa. Zikaja nyingi mno, akaona aache kumbukumbu, akaziyeyusha zote akatengeneza chungu kimoja cha bronzi akakiweka mahali panaitwa Exampaios, chungu kinaingia amfora 600, ile mitungi mikubwa ya Wagiriki, na unene wake vidole sita. Kama ni kweli kila kipimo sijali sana, ninachokiona mimi ni kwamba kwa Mskithi ncha moja ya mshale ilikuwa sawa na mtu mmoja, ilikuwa tayari ni kitu cha kuhesabia.

Turudi kwa pomboo wetu. Wao wanakuja baada ya mishale na wanahusu zaidi Olbia na maeneo yake ya jirani. Kwanza kwenye maji yale pomboo wapo wengi, mvuvi anawaona kila siku. Pili Apollo tena, safari hii kwa jina la Delphinios, Apollo wa pomboo, ambaye kwenye wimbo wa kale aligeuka pomboo akarukia kwenye meli ya mabaharia wa Krete akawapeleka mpaka Delphi wawe makuhani wake. Miletus, mji mama, ulikuwa na hekalu la huyu Apollo, na Olbia nayo ikawa na eneo lake takatifu la Delphinios. Wapo wataalamu wanaosema pomboo hawa walianza kama sadaka ya hekaluni halafu wakatoka wakaingia sokoni, na mimi naliona hilo lina mashiko ukikumbuka vile vyuma vya Argos vilivyokuwa hekaluni pia.

Walikuwa wanasubiwa, hawapigwi chapa. Yaani unachonga kalibu, unayeyusha bronzi, unamimina, ikipoa unawakata mmoja mmoja. Kuna pomboo wenye herufi ΘΥ na kuna wenye ARICHO, hili la pili wengi wanalisoma kama jina la mtu. Na sambamba na hao wadogo Olbia ilikuwa inasubu sarafu kubwa za duara za bronzi, upana unakaribia sentimita saba, uzito unaweza kupita gramu 100, upande mmoja uso wa Gorgo, yule jike la kutisha wa hadithi za Wagiriki, ametoa ulimi, upande wa pili tai kamkamata pomboo. Yaani duara walikuwa wanaijua na wanaitengeneza, hapohapo, mji uleule, na bado wakaendelea na pomboo wao. Naomba hilo mlishike kwa sababu mtu anaweza kudhani walitumia pomboo kwa kuwa hawajui kutengeneza duara. Walijua. Walichagua.

Na maisha ya pale yalikuwa ya kuchanganyika kweli. Kulikuwa na mfalme wa Waskithi anaitwa Skyles, mama yake Mgiriki wa Istros, akamfundisha kusoma na kuongea Kigiriki. Huyu akifika Olbia analiacha jeshi nje ya mji, anaingia ndani, milango inafungwa, anavua nguo za Kiskithi anavaa za Kigiriki, anatembea sokoni bila walinzi, anakaa mwezi au zaidi, ana nyumba pale na mke pale. Mwishowe Waskithi wakamwona kwenye ngoma za Dioniso, mungu wa divai wa Wagiriki, wakamkataa, na ndugu yake Oktamasades akamuua. Ni stori ya kusikitisha, ila fikirieni soko ambalo mfalme wa wapanda farasi anatembea kavaa kanzu ya Mgiriki, na jirani yake anahesabu pomboo wa bronzi. Hiyo ndo dunia iliyozaa hizi sarafu.

Leo mkoa ule umefikiwa na vita tangu 2022, na hata kabla ya vita wachimbaji wa wizi walikuwa wanapita na mashine za kutafutia chuma wanaokota pomboo wanauza mtandaoni, na feki nazo zimejaa. Ukimwona pomboo anauzwa bei rahisi na haijulikani katoka wapi, muache. Kila mmoja anayetolewa ardhini bila kuandikwa alikuwa wapi na alikuwa na nini anatunyima ukurasa mzima.

Sicily sasa. Huku mambo ni mengine lakini ukiangalia vizuri ni yaleyale. Wagiriki wamefika kisiwani wamewakuta wenyeji, Wasikeli na wengine, ambao wao wanapima mali kwa uzito wa bronzi. Kipimo chao ni litra, na litra inagawanyika mara 12. Wagiriki hawakuwalazimisha wahesabu kwa oboli, wakaichukua litra wakaiingiza kwenye hesabu zao wenyewe, mpaka wakatoa sarafu ndogo ya fedha yenye thamani ya litra moja ya bronzi.

Halafu mji wa Akragas, leo unaitwa Agrigento, ule wenye mahekalu makubwa juu ya kilima, karibu katikati ya karne ya 5 KK wakatoa kitu ambacho ukikipewa kiganjani utadhani ni jino la gego. Kweli kabisa, jino. Chini pana, juu pamechongoka, ukikiweka mezani kinasimama. Ubavu mmoja kuna tai, ubavu mwingine kuna kaa, ambazo ndo alama za mji hata kwenye sarafu zao za fedha. Na kwenye kitako kuna vidoti, vidoti hivyo ndo thamani, vinakwambia hii ni sehemu ngapi kati ya zile 12 za litra. Mtu asiyejua kusoma anapitisha kidole gumba pale chini anajua kashika ngapi, hata gizani, hata macho yakiwa hayaoni. Mimi naona ni dizaini yenye akili kuliko sarafu nyingi tulizonazo leo mfukoni. Na jirani zao Selinus nao wakasubu za kwao, nyingine umbo la lozi, zina jani la selinon, mmea wa jamii ya kotimiri uliokuwa alama ya mji. Haikudumu sana, baada ya kizazi hivi walihamia bronzi ya kupigwa chapa, na mwaka 406 KK Wakarthago, watu wa mji wa Karthago, Tunisia ya leo, wakaivamia Akragas na kuipora.

Yapo na mengine ambayo nitayagusa tu. Miji ya Wagiriki ya kusini mwa Italia, Metapontum, Sybaris, Croton, ilitoa sarafu za fedha nyembamba na pana ambazo picha iliyoinuka upande mmoja imezama upande wa pili, kwa mfano kwenye za Metapontum suke la shayiri limeinuka mbele na limezama nyuma, ni kazi ngumu mno ya kulinganisha vyombo viwili vya chapa. Wafalme wa ukoo wa Seleuko huko Syria karne ya 2 KK walitoa bronzi zenye meno pembeni kama msumeno, na wasomi wanavutana mpaka leo kuhusu sababu. Na Athens nayo, ingawa ilishika duara, ilitoa vipande vya fedha vidogo mno, robo ya oboli haifiki hata gramu 0.2, watu wakawa wanavibeba mdomoni ndani ya shavu. Aristofane, mwandishi wa michezo ya kuchekesha ya Athens, kwenye mchezo wake wa mwaka 422 KK ana mzee wa baraza la mahakama analalamika kwamba mwenzake walipokwenda kugawana drakma moja ya posho alichenji sokoni kwa wauza samaki, akampa magamba matatu ya mkizi, mzee akayatia mdomoni akijua ni oboli. Watu ukumbini walicheka kwa sababu walijua inawezekana.

Sasa naomba niseme jambo linaloniuma. Pomboo wa Olbia na jino la Akragas viko kwenye katalogi za sarafu, vina namba, vina wataalamu, vinaandikwa historia ya uchumi. Lakini ukienda kwenye misalaba ya shaba ya Katanga, ile iliyosubiwa kwenye kalibu na kukutwa kwenye makaburi ya Sanga kandokando ya Ziwa Kisale kule Kongo, misalaba ambayo ilitumika kama pesa kwa karne nyingi na ikaja kukaa mpaka kwenye bendera ya Katanga ya 1960 hadi 1963, utaikuta mara nyingi kwenye kabati la mila na desturi, pembeni ya vinyago na ngoma. Ukienda kwenye majembe ya chuma yaliyokuwa yanalipia mahari na bidhaa Unyamwezi, hivyohivyo. Vitabu vingi vya zamani viliviita pesa za kishenzi. Kwa nini? Chuma cha nyama cha Argos na jembe la Unyamwezi ni wazo moja, kitu cha chuma chenye kazi, chenye uzito unaojulikana, kinachopokelewa na wote. Ncha ya mshale isiyochoma na msalaba wa Katanga ni wazo moja, shaba imepewa umbo ambalo halina kazi nyingine zaidi ya kukubaliwa. Sitaki Wagiriki washushwe, nawapenda ndo maana nimekaa na vitu vyao miaka yote hii, nataka wa kwetu wapandishwe kabati lilelile.

Na Wagiriki wenyewe walifika kwetu, tukumbuke. Yule mfanyabiashara wa karne ya 1 BK aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa bahari hii ya kwetu mpaka Rhapta, mji wa biashara wa zamani wa pwani hii, anataja bidhaa za kuleta pwani ya Azania, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki: mikuki inayotengenezwa makusudi Muza, bandari ya Yemen, mashoka, visu, sindano za kutobolea, na vitu vya vioo. Yaani vyuma vyenye umbo na kazi, sio mfuko wa dinari. Na akifika kwenye habari za Adulis, kwenye Bahari ya Shamu, anasema wazi kwamba kule shaba ya njano inakatwa vipande vinatumika badala ya sarafu. Alikuwa anaelewa kwamba kila bandari ina kitu chake inachokiamini.

Wakati wa chai kijana mmoja kaniuliza swali zuri, kwamba kama umbo la pomboo lilikuwa linafanya kazi vizuri hivyo, mbona duara ndo imeshinda. Jibu la kwanza ni la fundi. Kusubu kunakupa umbo lolote, ila ni polepole na uzito unayumba, kipande hiki kizito kidogo na kile chepesi, kwa bronzi sio tatizo kubwa ila kwa fedha ni hasara. Kupiga chapa ni tofauti, unapima kibonge cha fedha kwanza, uzito umeshakaa sawa, unakipasha moto, unakiweka katikati ya vyombo viwili vya chapa, unagonga na nyundo, na kibonge kikigongwa kinatanuka kila upande sawasawa, duara inajitokeza yenyewe. Hakuna aliyekaa akaamua pesa iwe duara, nyundo ndo iliamua. Na duara haina kona za kutoboa mfuko wala pezi la kuvunjika.

Jibu la pili ni la serikali. Karne ya 4 KK Olbia walipitisha sheria, iliyochongwa kwenye jiwe na tunayo mpaka leo, wanaiita sheria ya Kanobos: mgeni yeyote aingie na dhahabu au fedha yake bila kizuizi, ila akitaka kuibadilisha abadilishie mahali palipopangwa, kwenye lile jiwe ndani ya jengo la mkutano wa wananchi, na kununua na kuuza mjini kufanyike kwa bronzi na fedha ya Olbia tu. Anayekiuka, muuzaji anapoteza alichouza na mnunuzi anapoteza pesa aliyolipa. Hapo imani haitoki tena kwenye pomboo wala Apollo wala mshale, inatoka kwenye sheria, na mji ukishakuwa na uwezo wa kulazimisha hauhitaji umbo, unahitaji chapa yake tu.

Lakini hata hapo jirani hakufutwa. Angalieni bronzi za duara za Olbia za baadaye kidogo, zile zenye kichwa cha mungu wa mto Borysthenes, mto tunaouita Dnipro leo, mzee mwenye ndevu na pembe. Geuza upande wa pili, utakuta shoka, na pembeni yake upinde ukiwa ndani ya mfuko wake, mfuko wa Kiskithi.

Asanteni sana, nakaribisha maswali.